Darasa la awali kitongojini: kazi inayoanza Mei ili Januari isikukute mikono mitupu

Mtoto wa miaka mitano haendi shule iliyo kilomita nne kutoka kwao. Atapelekwa siku mbili tatu, kaka yake akimbeba mgongoni penye mchanga wa moto, kisha mvua ya Januari inajaza korongo na habari ya shule inaishia hapo. Vijiji vya Bahi, Chamwino, Chemba na Mpwapwa, mkoani Dodoma, vimetawanyika. Kitongoji kimoja kinaweza kuwa mwendo wa saa nzima kutoka kilipo kingine. Ada ilifutwa, na sera inataka kila mtoto apate mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Lakini kwa kaya zilizo pembezoni, ada haikuwa kikwazo pekee. Njia ni ndefu, tumbo ni tupu, na mwalimu anaongea lugha ambayo mtoto hajawahi kuisikia kwao.

Mwongozo huu ni wa serikali za vijiji, kamati za shule na wazazi wanaotaka kulisogeza darasa hilo hadi kitongojini. Kalenda ya shule na kalenda ya shamba zinagongana hapa kwetu: shule inafunguliwa Januari, wakati ghala linakaribia kwisha, wazazi wako kwenye palizi na makorongo yana maji. Anayeanza maandalizi mwezi huo ameshachelewa. Anza Mei.

Mei: hesabu watoto

Kaa na mwenyekiti wa kitongoji, mabalozi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu wa mwisho msikilize kwa makini, maana ndiye anayeingia ndani ya kaya na anajua watoto ambao hawaonekani mkutanoni. Choreni ramani ya kitongoji chini kwa majivu: kokoto ni nyumba, mstari ni korongo, jani ni kisima. Watu wataanza kukumbushana wenyewe: "Pale kwa bibi kuna wajukuu wawili mmewasahau." Kisha pita kaya kwa kaya na daftari lenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, lugha ya nyumbani, ulemavu au ugonjwa wa kudumu, na kama njia yake inavuka korongo au barabara kuu.

Umri usome kwenye kadi ya kliniki. Usimkisie mtoto kwa kumwangalia: udumavu bado upo, na wa miaka mitano anaweza kuonekana wa mitatu na nusu. Ule utaratibu wa zamani wa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio uacheni kabisa, kwa sababu unamfungia nje yule yule mtoto aliyepungukiwa lishe, ambaye ndiye anayelihitaji darasa kuliko wengine. Asiye na cheti cha kuzaliwa aandikishwe kwa kadi, na wazazi waelekezwe mapema mahali pa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano.

Andikeni pia watoto watakaofikia umri wa awali mwaka unaofuata na ule wa tatu. Hesabu ya mwaka mmoja hudanganya. Wakiwa chini ya 15 kwa miaka yote mitatu, msianzishe darasa. Pangeni msafara, yaani watu wazima wawili wa zamu wanaowakusanya watoto na kuwapeleka shule iliyo karibu na kuwarudisha. Wakiwa 15 hadi 25, kundi moja na mlezi mmoja, yaani mtu wa kitongojini anayeliendesha darasa, vinatosha, kwa kuwa kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Wakizidi 25, tafuta mlezi wa pili. Zaidi ya 40, gawa makundi mawili.

Umbali nao usiupime kwa pikipiki wala kwa miguu yako. Tembea na mtoto wa miaka mitano kutoka nyumba ya mwisho hadi mahali panapopendekezwa, yeye akiwa mbele. Akitumia zaidi ya nusu saa, mahali hapo ni mbali.

Milango miwili ya serikali, msiichanganye

Darasa la watoto wanaojiandaa kuingia la kwanza huwa tawi la shule ya msingi iliyopo, yaani shule mama; tawi hilo ni maarufu kama shule shikizi. Watoto wanaandikwa kwenye rejesta ya shule mama, na wenye dhamana ni Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata na Mthibiti Ubora wa Shule. Wale wadogo zaidi, wanaohitaji mahali pa kulelewa mama akiwa kazini, wako chini ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Vituo hivyo husajiliwa kupitia Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri, kwa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Kijiji kikianza na vyote viwili ndani ya chumba kimoja, mlezi anaishia kubembeleza wa miaka miwili na wa miaka mitano anakaa bure. Anzeni na wa awali.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni darasa kuendeshwa mwaka mzima bila watoto kuwemo kwenye rejesta ya shule mama. Serikali haiwaoni, kwa hiyo vitabu haviji wala mwalimu haji, na Januari mzazi anaambiwa mtoto hatambuliki. Mkamfuate Mwalimu Mkuu kabla ya kufyatua tofali la kwanza.

Njia ya kibali ni ndefu kidogo lakini inapitika: mkutano wa kitongoji, Halmashauri ya Kijiji, Mkutano Mkuu wa Kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Kila hatua iache muhtasari wenye sahihi na mahudhurio. Kwenye barua tajeni Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, na mpangilie ombi lenu kwa maeneo yake matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Afisa anayeipokea atajua mara moja aipeleke meza gani.

Suala la ardhi lisiachwe kwa maneno ya mdomo. Mzee akitoa eneo kwa moyo mzuri bila maandishi, siku akiondoka duniani watoto wake watalidai, na darasa litahama. Pimeni kwa hatua mbele ya majirani wa pande zote nne, wekeni mawe ya mpaka, waandikeni majirani kama mashahidi, na mke au mume wa mtoaji asaini. Nakala moja ibaki kwa Mtendaji wa Kijiji, nyingine shule mama.

Juni na Julai: uji wa mwaka mzima

Hapa ndipo madarasa mengi ya kitongojini yanapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula anasinzia kufikia saa 4 asubuhi, na siku ya tatu hataki tena kuja. Wazazi huahidi kuchangia "kila mwezi". Februari hakuna wa kuchangia, na si kwa ubaya. Ghala la nyumbani limekauka. Mchango wa nafaka ukusanywe mara moja, wakati wa mavuno.

Hesabu yake ni hii. Kikombe kimoja cha uji mzito wa wastani, robo lita, kinataka gramu 40 za unga. Mwaka wa shule una siku zipatazo 194, kwa hiyo mtoto mmoja anakula karibu kilo 8 za unga kwa mwaka. Hiyo ni nusu debe ya uwele au mtama. Ongeza kilo 1 ya karanga na kilo 1 ya sukari kwa mtoto. Darasa la watoto 25 linahitaji kilo moja ya unga kwa siku, kilo 5 kwa wiki, na magunia mawili ya kilo mia kwa mwaka. Ukiisema hivi mkutanoni, "nusu debe kwa mtoto, mara moja," watu wanapumua, maana walidhani ni mzigo mkubwa zaidi.

Mchango ni wa hiari. Mtoto wa kaya isiyo na kitu asirudishwe nyumbani wala asinyimwe kikombe. Kaya yake itatoa kuni, maji au zamu ya kupika.

Nafaka ipokelewe ikiwa imekauka. Ing'ate, inatakiwa kulia ka! Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yenye kuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo mwageni mahindi na karanga kwenye turubai safi, mchague kwa mkono: punje zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zitoke zote, na wala zisipewe kuku. Uwele na mtama huathirika kidogo kuliko mahindi, na ndivyo vyakula vya huku. Vipeni nafasi ya kwanza. Hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta kwa kiasi cha mkono mmoja.

Uwele una tabia yake. Ukishasagwa, mafuta yaliyomo huchacha haraka na uji unakuwa mchungu ndani ya wiki moja au mbili. Watoto wanaukataa, watu wazima wanadhani wanadeka. Sageni wa wiki moja tu kwa wakati, bila kukoboa.

Kupika kwa watoto 25: koroga kilo 1 ya unga na lita 2 za maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina kwenye lita 5 za maji yanayochemka huku ukikoroga, punguza moto, acha uchemke dakika 20. Dakika tano za mwisho weka gramu 125 za karanga zilizokaangwa na kusagwa. Ukishaepua, weka sukari kiasi hicho hicho na vijiko vinne au vitano vya unga wa ubuyu. Ubuyu usiuchemshe, maana moto unaua vitamini yake. Kila mtoto awe na kikombe chake chenye alama anayoitambua mwenyewe, jua, kuku, jembe. Hapo hapo ameanza kusoma.

Zamu ya kupika ikizunguka kaya 25, kila kaya inapika siku moja katika wiki tano. Wakati wa palizi zamu huvunjika, kwa hiyo pangeni wawili wawili, mmoja awe wa kaya yenye bibi au shangazi anayebaki nyumbani. Ghala liwe na kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Ukutani kuwe na ubao unaoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, usasishwe kila Ijumaa. Uji mwingi umekufa kwa maneno ya chini chini ambayo ubao ungeyazuia.

Mlezi

Tafuta mtu anayeishi kitongojini hapo hapo, mwenye miaka 18 au zaidi, aliyemaliza angalau kidato cha nne, na anayeongea lugha ya watoto. Mkutano wa kitongoji uulizwe waziwazi kama kuna yeyote mwenye sababu ya kumkataa, na wanawake wapewe nafasi ya kusema pembeni, bila wanaume. Kisha mwache akae na watoto saa moja mkimtazama. Cheti hakikuonyeshi kama mtu anachuchumaa akiongea na mtoto au anamfokea akiwa wima.

Kabla ya kuanza akae wiki mbili kwenye darasa la awali la shule mama, na baadaye arudi huko siku moja kila mwezi. Viboko havina nafasi hapa, na hilo liandikwe kwenye makubaliano yake.

Posho ndiyo inayokatika. Mlezi anayelipwa kwa ahadi hudumu miezi mitatu, minne akiwa mvumilivu sana. Vyanzo viwe viwili au zaidi: shamba la alizeti la kitongoji linalolimwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na mavuno yake kuwa ya posho tu, sehemu ya faida ya kikundi cha kuweka na kukopa cha wazazi, na ombi rasmi kijijini na kwenye halmashauri. Wekeni akiba ya posho ya miezi mitatu kabla ya siku ya kwanza. Hamjaipata? Ahirisheni kuanza.

Agosti: mahali

Msisubiri jengo. Darasa linaweza kuanza chini ya mti, kwenye chumba cha kanisa au msikiti, au ofisi ya kitongoji. Tukisema mti, mkwaju ni bora kuliko mbuyu. Mbuyu ni mkubwa na unavutia, lakini hupukutisha majani kiangazi, wakati hasa mnapohitaji kivuli. Fyekeni miiba, funikeni mashimo, angalieni nyuki. Juni hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki ni mkali na vumbi linaingia machoni, kwa hiyo zungushieni upande huo uzio wa mabua wenye urefu wa mtu mzima. Watoto wakae kwenye majamvi, wakiupa upepo mgongo.

Jengo likifika wakati wake, pangeni mita 1.5 ya mraba kwa mtoto, mlango ufungukie nje, madirisha yawe chini kiasi mtoto aliyeketi aone mti ulio nje. Anzeni boma baada ya mvua, mkijua lini mtapaua. Tofali mbichi zilizoachwa wazi zinyeshewe msimu mmoja hazifai tena, na watu wakishapoteza nguvu zao namna hiyo ni vigumu kuwaita tena.

Choo ni cha lazima tangu siku ya kwanza, hata pakiwa chini ya mti. Tundu la choo cha watu wazima linamtisha mtoto, na hofu yake ni ya haki. Anajisaidia nyuma ya kichaka. Tengenezeni sakafu yenye tundu la sentimita 25 kwa 13, na kijiti cha kushikilia mbele. Tundu moja kwa wasichana na moja kwa wavulana yanatosha kwa kundi la watoto 25, mkiweka na mfuniko. Nje ya mlango tundikeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari, likining'inia sentimita 50 hadi 60 kutoka chini, pamoja na kipande cha sabuni kwenye kamba.

Kuosha uso kuingie kwenye ratiba. Trakoma, ule ugonjwa wa vikope, imewahi kutesa sana mkoa huu, Kongwa ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyofahamika zaidi. Huenezwa na nzi, vidole na vitambaa vinavyotumiwa na wengi. Kila mtoto anawe uso akifika, kwa viganja viwili vya maji, asitumie kitambaa cha mwenzake.

Septemba hadi Desemba: wiki 12 za majaribio

Kipindi hiki ni cha watoto kuzoea, na ni cha nyinyi kuona palipolegea kabla ya mvua. Muda ni saa 2:30 asubuhi hadi saa 5:30. Hivi: kupokelewa na kunawa, nyimbo na habari, hadithi, michezo ya mikono, uji saa 4:00, michezo ya nje, kuhesabu au kuchora, wimbo wa kuagana. Hakuna shughuli ya kukaa inayozidi dakika 20.

Kiswahili kitakuwa lugha ya shule, lakini mtoto wa Kigogo asalimiwe "mbukwa" anapofika. Anainua uso mara moja. Wiki nne za kwanza hadithi isimuliwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili kwa kutumia vitu halisi: kibuyu, mbuzi wa udongo, kinu. Wiki nne zinazofuata Kiswahili kitangulie, na wiki za mwisho lugha ya nyumbani ibaki ya kufafanua. Vitongoji vya Warangi, Wasandawe na Wabarabaigi vina mahitaji hayo hayo, na palipo na lugha mbili mlezi atafute mzazi wa kumsaidia. Ngoma, zeze na nyimbo za nyumbani ni zana tayari. Kumwomba bibi aje kuimba hakugharimu kitu.

Wazazi watauliza mbona watoto hawaandiki. Wengine wataleta madaftari na kudai a, e, i, o, u ijaze kurasa. Mlezi asikubali kuligeuza darasa kuwa la kwanza dogo. Waonyesheni wazazi jambo moja: mpe mtoto kokoto saba, azihesabu kwa kuzigusa. Akifika "saba", muulize, "Ziko ngapi?" Mwingine atajibu saba. Mwingine ataanza upya: moja, mbili, tatu... Huyu wa pili anaimba namba, bado hajajua kwamba ile ya mwisho ndiyo jumla. Kuandika 7 mara hamsini hakutamsaidia. Kugawa kokoto, kuweka meza ya "duka" na kupanga vikombe vya wenzake kutamsaidia. Mzazi akiliona kwa macho, mjadala wa madaftari unapoa.

Zana zipatikane papo hapo: vifuniko vya soda, magunzi, udongo wa kichuguu, vijiti. Mbegu za ubuyu na maharage zihesabiwe kabla na baada, maana zinaingia puani.

Oktoba, kisha Januari

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba. Wiki ya kwanza ya mwezi huo pelekeni orodha ya Mei kwa Mwalimu Mkuu, mhakikishe jina kwa jina, na mrudi na idadi iliyosainiwa.

Januari mambo matatu hutokea kwa pamoja. Korongo linapitisha maji: amueni mapema jiwe la alama, likifunikwa hakuna mtoto anayevuka, hata akiwa amebebwa, na watoto wa ng'ambo wakusanyike kwa kaya moja iliyokubaliwa, wapelekewe unga pamoja na mlezi wa pili, kama yupo. Palizi inawabakiza ndugu wakubwa nyumbani, na mdogo anakosa wa kumleta: msafara wa wazee ubebe kazi hiyo. Halafu kuna mtoto anayetoweka kimya kimya. Mlezi akiona jina limekosa siku tatu mfululizo, jioni ya siku hiyo hiyo balozi afike kwa kaya ile. Mara nyingi atakuta homa, nguo moja iliyofuliwa haijakauka, au familia imehamia shambani hadi mavuno. Hii ya mwisho iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la shamba, ili mlezi ajue mtoto yuko wapi na kama kuna darasa jingine la awali karibu na huko la kumpokea hadi Juni.